Halfani na Jina la Pili

Kijiji cha akina Stamili kilikuwa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala. Upepo ulikuwa wa bure mchana kutwa. Maji hayakuwa ya bure. Maji yalikuwa chini bondeni, na mwenye kiu aliyafuata kwa miguu, kwa heshima na kwa jasho.

Kila alfajiri, kabla jogoo hajamaliza hotuba yake, wanawake walishuka na mitungi. Pamoja nao alishuka mwanamume mmoja, mti wa mzega begani, madebe mawili yakilia mbele na nyuma kama bendi ya polisi. Huyo alikuwa Halfani, mume wa Stamili, baba wa Sophia.

"Baba Sophia," wanawake walimtania, "leo hukuvaa shanga?"

"Zimo ndani ya debe, shangazi zangu. Nikifika juu nitazivaa."

Halfani alikuwa na sababu ya kubeba maji. Katika nchi ile, mwanamume akioa huhamia kwa kina mkewe. Shamba ni la ukoo wa mke. Watoto ni wa ukoo wa mke. Neno la mwisho ni la mjomba wa mke. Mkwe ni mgeni wa kudumu. Akifanya vizuri, husifiwa kimoyomoyo. Akikosea, husindikizwa kwa sauti kubwa.

Na mjomba wa Stamili, Mzee Sadallah, alikuwa amekwisha kuiandaa sauti yake.

Kisa kilikuwa hiki. Miaka sita nyuma, dada mkubwa wa Stamili aliolewa na mtu wa Lisekese, kule Masasi. Mtu yule alilala mchana, akaamka kula, akalala tena. Siku moja aliondoka na baiskeli ya Mzee Sadallah. Hakurudi yeye, haikurudi baiskeli. Mzee Sadallah ni muungwana. Alisamehe yote ila baiskeli.

Halafu Stamili naye akaleta mchumba.

"Anatoka wapi?" mzee aliuliza.

"Lisekese, Mjomba."

Mzee Sadallah alitega sikio, kama mtu anayesikiliza kengele ya baiskeli kwa mbali.

Tangu siku ile hakumwita Halfani kwa jina lake. Alimwita Mlisekese. "Mlisekese, lete kigoda." "Mlisekese, ng'oa kisiki kile." Na mwaka wa 1954, kiangazi kilipoanza, alitoa hukumu mbele ya ukoo mzima.

"Mlisekese, nakuangalia hadi mvua za kwanza. Ukileta aibu hata ndogo kama punje ya mtama, utarudi kwenu. Stamili na mtoto watabaki hapa."

Halfani aliitika, "Sawa, Mjomba." Usiku hakupata usingizi. Sophia alikuwa ndiyo kwanza ameanza kumwita baba.

*

Septemba ikafika. Mtama ghalani ulibaki wa mbegu. Nguruwe wa porini walikuwa wamekwisha kuutembelea muhogo bila kualikwa. Watu wakaingia porini kuchimba ming'oko.

Ming'oko ni viazi vya porini. Mmea wake hutambaa juu ya miti. Viazi vyake ni vidogo na vyembamba, kama vidole vya mtu mzima. Vikichemshwa na chumvi, mtu husahau kwamba hana unga.

"Twende pamoja," Stamili alimwambia mumewe. "Nitakuonyesha."

"Unionyeshe ming'oko? Mke wangu, simba hafundishwi kunguruma."

"Simba hali ming'oko, Baba Sophia."

Hapo ndipo sifa zilipomponza. Ukweli ni kwamba Halfani hakuwa amewahi kuchimba ming'oko hata siku moja. Alitoka Lisekese angali mtoto, akamfuata kaka yake kwenye mashamba ya mkonge karibu na Lindi. Kule walikula posho: unga na maharage, maharage na unga. Ming'oko aliijua kwenye sinia za akina mama wa sokoni Masasi, ikiwa imemenywa, imeiva na imetiwa chumvi. Lakini mkwe anayeangaliwa hadi mvua za kwanza hawezi kusema, "Sijui." Neno hilo aliliona kubwa kuliko mdomo wake.

Akachukua jembe, akachukua kikapu, akaenda peke yake.

Porini majani yote yalikuwa yamekauka na kudondoka. Zilibaki kamba za mimea, zimejizungusha mitini. Zote zilifanana. Halfani alikumbuka jambo moja tu alilowahi kusikia kwa wachimbaji: mming'oko una matunda makavu yenye mabawa matatu. Akatazama juu. Akatazama tena. Mara akaona! Matunda makavu yananing'inia kwenye kamba moja, na kila tunda lina mabawa matatu, yamesimama wima kama mapezi ya samaki.

"Ukoo ndio huu," alijisemea. "Mtu na alama yake."

Alichimba. Hakuchimba sana. Kiazi kilichotoka hakikuwa kama kidole. Kilikuwa kama ngumi nne zilizoshikana, na kilijaa vimizizi kama ndevu.

Mtu mwingine angeshtuka. Halfani alifurahi. "Hawa ni wazee wao," alisema. "Wale wa sokoni ni wajukuu."

Akachimba vitatu. Kisha akafanya kosa la pili, akidhani anafanya hisani. Ili mzigo uwe mwepesi, alivimenya palepale, akavikatakata vipande kama muhogo. Maganda akayatupa kichakani. Sasa hata mchimbaji hodari asingeweza kujua vipande vile vilikuwa nini.

*

Alipofika nyumbani alisimama mbali na jiko, akakohoa.

Ilibidi akohoe. Jikoni alikuwamo mama mkwe wake, Bimdogo. Kwa heshima ya ukwe, Halfani hakuruhusiwa kumtazama usoni, wala kuongea naye ana kwa ana. Kikohozi cha mkwe maana yake, "Napita, jifiche." Bimdogo akajibanza nyuma ya ukuta. Halfani akaweka kikapu kizingitini, macho chini, akageuka.

Bimdogo alichungulia kikapu. Alikuwa amechimba ming'oko tangu kabla hajatogwa mdomo na kuvikwa ndonya, lile pambo la mti. Vipande vile havikumpendeza. Vilikuwa vinene mno. Vilikuwa na utelezi. Alitaka kuuliza, "Mwanangu, umechimba nini?" Lakini atamuulizaje mkwe? Stamili alikuwa bondeni, amekwenda maji na mtoto mgongoni. Akafanya lile moja aliloruhusiwa. Akakohoa.

Halfani akasikia kikohozi. "Mama anataka kupita," alidhani. Akaharakisha.

Bimdogo akakohoa kwa nguvu zaidi. Halfani akakimbia.

Basi yule mama akabaki na kikapu chake na wasiwasi wake. Akasema moyoni, "Mkwe ameleta chakula. Nikikimwaga, kaka yangu atasikia, na kijana wa watu atafukuzwa." Akachemsha. Akaonja kwanza yeye, ili wengine wasile kabla hajahakikisha. Akala vipande vitatu.

Stamili aliporudi alimkuta mama yake ameketi ukutani. Koo lilikuwa linamuwaka. Ulimi ulikuwa mzito. Alitapika, akasema nyumba inazunguka, kisha mikono ikaanza kumtetemeka.

"Mama! Mama umekula nini?"

Bimdogo alionyesha chungu kwa kidole.

*

Walimbeba kwa machela, watu wanne wakipokezana, hadi zahanati. Jua lilikuwa linateremka. Mzee Sadallah alitembea nyuma, akihutubia njia nzima.

"Nilisema, sikusema? Watu wa Lisekese! Wa kwanza aliiba baiskeli. Wa pili anaiba roho ya dada yangu!"

Halfani alikuwa kwenye mti wa mbele wa machela. Hakujibu. Machozi yalimtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Zahanati ilikuwa na chumba kimoja, benchi moja na picha moja ya Malkia wa Uingereza, ambaye wakati huo alikuwa bado mpya. Mwenye zahanati alikuwa Filemoni, mtu wa Lulindi. Kazi yake iliitwa dresa: kufunga vidonda na kugawa dawa. Alikuwa mtu wa maneno machache asubuhi na mengi jioni.

Alimlaza Bimdogo ubavu, akampima mapigo, akatazama macho yake.

"Amekula nini?"

"Ming'oko," alisema Halfani.

"Ming'oko haifanyi hivi."

"Ni ming'oko, Bwana Dresa. Nilichimba mwenyewe."

"Jina ulilokipa wewe sitaki. Nataka kitu chenyewe. Mabaki ya chungu yako wapi?"

Stamili alikuwa na akili. Alikuwa amekileta chungu. Filemoni akatazama vipande, akatikisa kichwa.

"Vipande havisemi. Muhogo uliokatwa na kiazi kilichokatwa, nani atavitofautisha? Wewe, rudi ulikochimba. Niletee mmea. Kamba yake, tunda lake, maganda, kiazi kizima kama kipo. Tafuta jani chini ya mti, hata kama limekauka. Nikijua alichokula, nitajua cha kuogopa. Kimbia!"

Halfani akakimbia.

"Hilo ndilo ulilokosea, Dresa," alisema Mzee Sadallah. "Umemfungulia kuku mlango. Hatutamwona tena."

Njiani palikuwa na njia panda. Kushoto ni porini. Kulia ni njia ya kuteremka Masasi, na mbele yake Lisekese, kwao, ambako hakuna mtu ambaye angemwita muuaji. Halfani alisimama pale. Usimfikirie vibaya; hakusimama sana. Alivuta pumzi tatu. Akamkumbuka yule mama nyuma ya ukuta, ambaye hajawahi kumtazama usoni lakini kila jioni alimwekea maji ya kunawa. Akaenda kushoto.

Alirudi zahanati mwanga ukiwa umebaki kidogo. Kamba ya mmea ilikuwa imezunguka shingo yake. Maganda yalikuwa kifuani ndani ya shati, kiazi kizima mkononi. Miguu ilikuwa imechanwa na miiba.

Mzee Sadallah alimwona, akafumba mdomo. Kwa mzee yule, hiyo ilikuwa habari kubwa.

Filemoni aliinamia mmea ule kama hakimu anavyoinamia ushahidi. Akapitisha kidole kwenye shina. "Miiba." Akageuza jani kavu lililokunjamana. Akalilowesha kwa maji, likafunguka taratibu juu ya meza.

"Tazameni. Kikonyo kimoja, vijani vitatu. Hii si ming'oko. Hii ni ndiga. Ina sumu."

Stamili akashika kichwa.

"Tulia, mama. Alikula kidogo, na amekitapika. Mungu alimpa tumbo lenye hasira. Sasa najua nikeshe nikitazama nini: pumzi yake na mitetemeko yake. Nendeni mkae nje."

*

Jua lilipochomoza Bimdogo aliomba uji. Stamili alitoka nje kuwaambia, akashindwa kusema, akaishia kucheka na kulia kwa pamoja.

Mzee Sadallah alimshukuru Mungu. Kisha akamgeukia mkwe.

"Mlisekese. Kafunge mzigo wako."

"Mjomba..." Stamili alianza.

"Nilisema aibu ya punje ya mtama. Hii ni gunia."

Filemoni alikuwa mlangoni, anafuta mikono. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Kabla hajafunga mzigo, naomba nafasi ya mahubiri mafupi. Hayana sadaka."

Akaingia ndani, akatoka na sanduku la mbao. Halikuwa na dawa. Lilijaa magazeti ya zamani, na kati ya kila gazeti na gazeti palikuwa na mmea mmoja, umekandamizwa na kukaushwa: shina, jani, ua, tunda. Pembeni palikuwa na karatasi ndogo iliyoandikwa mahali, tarehe na jina.

"Miaka miwili nilifuatana na Mzungu mmoja mkusanya mimea," alisema. "Yeye alikuwa na elimu, mimi nilikuwa na mgongo. Alipoondoka, elimu kidogo ilibaki mgongoni."

Akatandaza magazeti matatu kwenye benchi.

"Hiki ni kiazi kikuu, tunachopanda shambani. Hii ni ming'oko. Hii ni ndiga. Halfani, ulichimba kwa alama gani?"

"Mabawa matatu ya tunda."

"Hukukosea."

Mzee Sadallah aliruka. "Hakukosea? Nusura tuchimbe kaburi!"

"Tazama mwenyewe, Mzee. Wote watatu wana mabawa matatu. Kwa sababu wote ni ukoo mmoja. Wataalamu huuita ukoo huo jenasi. Jenasi hii inaitwa *Dioscorea*. Halfani aliuona ukoo, na ukoo ulikuwa sahihi. Ila hakumuuliza mwenyewe, 'Wewe ni nani ndani ya ukoo?'"

"Kwani wataalamu wanajuaje nani ni ndugu wa nani?" Stamili aliuliza. "Miti haina wajomba."

"Inao. Mjomba wa mmea ni ua na tunda. Mtoto wa hapa anaweza kufanana na baba yake hata mkashangaa, lakini ukoo wake utauliza wapi?"

"Kwa mama."

"Basi. Mimea nayo, jani peke yake linaweza kukudanganya. Wataalamu hutazama sana ua na tunda. Ndiyo maana kiazi kitamu na kiazi kikuu sisi tunawaita wote viazi, na wote wako chini ya ardhi, lakini hawahusiani. Na mkorosho na mwembe, ambao hatuwaiti ndugu, ni familia moja. Hujaona utomvu wao wote wawili unavyobabua mdomo?"

"Ni kweli!" alisema Halfani. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile afungue mdomo bila kuulizwa.

"Na popo?" Stamili aliuliza. "Huyo ni ndege."

"Popo ana manyoya kama ya panya, anazaa, ananyonyesha. Ndege gani ananyonyesha? Popo ni wa upande wetu, Mama Sophia. Mpe salamu ukimwona."

Filemoni alipanga vijiti ardhini. Kijiti kirefu, kifupi, kifupi zaidi.

"Halfani, ulipokuwa kwenye mkonge ulikuwa ukiandika barua nyumbani. Ukiandika tu 'Kwa mama, Tanganyika,' itafika?"

"Itazunguka hadi ife."

"Uliandikaje?"

"Tanganyika, Jimbo la Kusini, Masasi, Lisekese. Halafu jina la mtu."

"Viumbe vyote hai vimepangwa hivyo. Kundi kubwa kwanza: huyu ni mmea au ni mnyama? Halafu makundi madogo, madogo zaidi. Halafu familia. Halafu jenasi, ambayo ndiyo ukoo. Mwisho kabisa spishi, yaani aina yenyewe, ile inayozaa walio kama yeye. Na kila spishi ina jina lenye sehemu mbili. La kwanza ni la ukoo. La pili ni lake mwenyewe. Ndiga anaitwa *Dioscorea dumetorum*. *Dumetorum* maana yake wa vichakani. Kiazi kikuu ni *Dioscorea alata*. Jina la kwanza moja, la pili mbalimbali. Mmoja unampikia mgeni, mwingine unaita machela."

"Lugha gani hiyo?" Mzee Sadallah aliuliza. "Si Kiingereza. Mkuu wa Wilaya hasemi hivyo hata akikasirika."

"Kilatini. Ni lugha ya kale, haina wenyewe tena. Ndiyo maana haimwonei mtu. Mmea mmoja huu, Wamakonde wana jina lao, Wamakua lao, Wayao lao. Ukivuka Ruvuma, wana lao. Daktari wa Bara Hindi ataelewaje? Mtaalamu mmoja wa Uswidi, Linnaeus, aliueneza mpango huu miaka mia mbili iliyopita. Kila kiumbe majina mawili, dunia nzima ijue. Majina yetu tunayatumia hapa, ni mazuri. Lile la Kilatini ni la kusafiria."

"Na mimi?" Mzee Sadallah aliuliza kwa sauti ndogo. "Nimo humo?"

"Sote tumo. *Homo sapiens*. Maana yake, mtu mwenye busara."

Ndani ya chumba, Bimdogo alikohoa. Kikohozi kilifanana sana na kicheko.

Filemoni hakucheka. Alikunja magazeti yake polepole.

"Mzee Sadallah, nina neno moja la mwisho. Halfani alitazama mabawa matatu, akasema, 'Ukoo ni huu, basi ni yule yule.' Akakaribia kuua mtu. Je, yule aliyechukua baiskeli yako, jina lake lilikuwa Halfani?"

"Hapana. Aliitwa Mahmudu."

"Lakini alikuwa mtu wa Lisekese."

"Ndiyo!"

"Basi, Mzee wangu, na wewe ulichimba kwa mabawa matatu."

Upepo ulipita. Mzee Sadallah alitazama vijiti chini, akatazama miguu ya Halfani iliyochanwa na miiba.

"Mvua za kwanza," alisema hatimaye, "bado hazijanyesha." Akashika njia ya nyumbani.

Filemoni alimshika Halfani bega. "Sasa sikiliza wewe. Kiangazi majani hayapo, na mimea hii hudanganya. Nenda porini wakati wa mvua, jani likiwa bichi. Ndiga ina vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja. Ming'oko ina jani moja, kama moyo. Ukiiona ming'oko, funga alama mtini, ukae nayo moyoni hadi kiangazi. Usimenye porini. Lete nyumbani kiazi kizima na kamba yake. Usichokijua, usikile."

"Wazee husema ndiga huloweshwa, ikalika," alisema Halfani.

"Wazee wa njaa kubwa waliilowesha siku nyingi, kwa ujuzi waliofundishwa na mama zao. Wewe ujuzi huo unao?"

Halfani akafungua mdomo. Sifa zake za zamani zilikuja hadi kwenye meno.

"Sijui," alisema.

Dunia haikuanguka. Stamili alimtazama kama mtu aliyeletewa kanga mpya.

*

Mvua za kwanza zikanyesha. Halfani alikaa na mzigo wake umefungwa. Mzee Sadallah akaja, akasimama mlangoni. Hakusema baki, hakusema nenda. Alisema, "Mlisekese, lete jembe."

Halfani akafungua mzigo.

Pori lilipokuwa kijani waliingia wote. Stamili alitangulia, Halfani alimfuata, na Bimdogo alitembea mbali kidogo pembeni, kama heshima inavyotaka. Halfani akifika kwenye mmea alilishika jani na kusema kwa sauti, "Mke wangu, hii ina jani moja kama moyo." Bimdogo akiridhika, alikaa kimya. Asiporidhika, alimwambia Stamili, na Stamili akamwambia mumewe, ambaye alikuwa amekwisha kusikia lakini alishangaa kwa adabu. Kila mming'oko waliufunga ukanda wa gome. Ndiga waliiacha na miiba yake.

Tawi moja la ming'oko, lenye ua, Halfani alilikandamiza kati ya magazeti na kumpelekea Filemoni. Filemoni akalituma Nairobi, wanakohifadhi mimea mikavu na majina yake.

Heshima ya ukwe haikuvunjwa. Ilitengenezewa mlango. Walikubaliana hivi, kwa kupitia Stamili: chakula chochote cha porini kitawekwa kizingitini kizima, pamoja na kamba yake. Bimdogo akikohoa mara moja, maana yake ni ile ya zamani: napita. Akikohoa mara mbili, maana yake: simama, kuna neno. Nyumba za jirani zilicheka, kisha zikaiga.

Septemba nyingine ikafika. Mikanda ya gome ilikuwa bado mitini. Halfani alichimba chini ya kila mkanda, na kila mahali vilitoka vidole vyembamba vya ming'oko. Mwaka ule hakuna machela iliyobebwa kijijini kwa ajili ya chakula.

Jioni moja Filemoni alifika na barua ya Nairobi. Familia ilikuwa imeketi, wanaume upande huu, wanawake nyuma ya ukuta, chungu kinafuka. Alisoma kwa sauti.

"Mmea ulioletwa na Bwana Halfani wa Newala ni *Dioscorea hirtiflora*. Maana yake, yenye maua ya vinyweleo."

"Kumbe ana jina lake," alisema Stamili.

"Alikuwa nalo siku zote. Sisi ndio hatukujua."

Mzee Sadallah aliichukua barua. Hakujua kusoma, lakini aliitazama vizuri, juu na chini, akairudisha. Akavuta sinia la ming'oko katikati. Kulikuwa na nafasi moja kando yake, na hakuna mkwe aliyewahi kukaa hapo.

"Mlisekese," aliita.

"Naam, Mjomba."

Mzee alijikaza, kama mtu anayebeba kitu kizito kupanda mlima.

"Mlisekese Halfani," alisema. "Sogea hapa, ule."

Nyuma ya ukuta, mama mkwe alikohoa mara mbili. Safari hii Halfani hakukimbia.